Kwa Nini Kuziba Difu Inayovuja Si Kazi ya Nusu Saa

Lalamiko linalotufikia mara nyingi kuliko yote kwenye gereji yetu linahusu difu ya nyuma, lile boksi la gia lililo katikati ya magurudumu ya nyuma. Mteja huambiwa kwamba difu inavuja oili, humwona fundi akitumia tyubu moja ya silikoni, kisha hupewa ankara ya kazi ya siku nzima na kuelezwa kwamba gari italazimu lilale hapa. Yupo aliyetuambia bila kupepesa macho kwamba tumemwibia, kwa kuwa tyubu ile angeweza kuinunua na kuipaka mwenyewe. Kuinunua angeweza, hilo hatubishi. Sehemu kubwa ya ankara yetu ni kazi inayofanyika kabla tyubu haijafunguliwa.

Kwanza lazima ijulikane oili inatokea wapi. Gari likienda, upepo huisukuma oili nyuma na kuisambaza, kwa hiyo sili ya pinioni (pete inayozuia oili isitoke kwenye gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu), iliyo mbele pale inapofungwa propela shafti, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kutoka gia boksi, huweza kuvuja na mfuniko wa nyuma ukaonekana ndio wenye kosa. Ndiyo maana tunaiosha difu nzima, tunaliendesha gari mpaka difu ipate moto, kisha tunalipandisha na kumulika kwa tochi pale unyevu mpya unapoanzia. Tuliwahi kuletewa pikapu ambayo mwenyewe aliipaka silikoni tabaka juu ya tabaka mpaka vichwa vya bolti vikafunikwa, na bado ikachuruzika. Gasketi yake haikuwa na tatizo lolote. Kilichoziba ni briza, kile kijitundu cha kupumulia kilicho juu ya difu, ambacho kilijaa tope lililokauka. Difu ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka, na ikikosa pa kutokea huisukuma oili kupita kwenye midomo ya sili. Kusafisha briza ni kazi ndogo, lakini kuikwangua silikoni ile kulichukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe, na muda huo mwenye gari aliulipia.

Kupaka silikoni kwa nje bila kufungua kitu ndiyo njia ya mkato tunayokutana nayo zaidi, na haifai kwa sababu silikoni haishiki kwenye chuma chenye oili. Kazi ya kweli huanza kwa kulegeza plagi ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwani plagi ya kujazia ikigoma kwa kutu baada ya oili kumwagwa, gari litabaki na difu tupu isiyojazika. Mfuniko ukishatoka, mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa pande zote mbili bila kuuchuna uso wa chuma, kisha nyuso hufutwa kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Mfuniko wa bati hulazwa juu ya kioo kuangaliwa kama umepinda kwenye matundu ya bolti, maana aliyeukaza kupita kiasi safari iliyopita huwa ameuacha na mawimbi. Silikoni hupakwa mstari mmoja usiokatika, ukipita upande wa ndani wa kila tundu. Ikizidi, inayobanwa kwa ndani hukatika na kuzunguka na oili. Bolti hukazwa kwa kupishana, na baada ya hapo ni kusubiri, kwa kuwa silikoni nyingi huhitaji hadi saa 24 kukomaa. Mteja mmoja aliifanya kazi hii yote nyumbani kwa usafi wa kupigiwa mfano, kisha akamimina oili papo hapo. Asubuhi alikuta matone chini ya gari, ikambidi anunue oili nyingine na kuanza upya.

Sili ya pinioni ndiyo inayoleta maneno zaidi kuhusu bei, maana yenyewe ni kitu kidogo tu cha mpira na chuma. Katika difu nyingi, nati inayofunguliwa ili kuifikia hubana pia bushi ya chuma iliyotengenezwa ili ibonyee kidogo kidogo, na kubonyea huko ndiko kunakoweka mkazo wa beringi za pinioni. Kwa hiyo tunapima ugumu wa kuizungusha pinioni kabla ya kufungua, tunaweka alama kwenye nati, na wakati wa kurudisha tunakaza kwa hatua ndogo huku tukipima tena. Gari moja lilitufikia likipiga mluzi mwendoni baada ya sili kubadilishwa kwingine, ambako nati ilikazwa kwa mashine ya upepo mpaka ikafika mwisho. Beringi zilikuwa zimekufa, krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) na pinioni zimelika, na hizo hubadilishwa zote mbili kwa sababu husagwa kwa jozi. Tunapitisha pia ukucha kwenye flanji, kipande kinachounganisha pinioni na propela shafti, pale mdomo wa sili unapokaa. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, tunapendekeza flanji mpya au pete nyembamba ya chuma ya kuivalisha. Wengi huikataa gharama hiyo, nasi tunaandika kwenye ankara kwamba wameikataa.

Sili za pembeni, zile za upande wa magurudumu, zikivuja hatubishani na mtu kuhusu kuahirisha, kwa sababu oili huingia kwenye breki, na breki shuu zilizolowa oili tunazibadilisha, hatuzioshi.

Wapo wanaouliza kwa nini jirani alilipa nusu ya bei. Huenda difu yake ina mfuniko wa nyuma. Ziko zisizo nao, ambazo ili gasketi ifikiwe ni lazima shafti za magurudumu zivutwe nje na kichwa kizima cha difu kishushwe. Wengine hutuomba tuirudishe oili iliyomwagwa kwa kuwa waliibadilisha juzi, hatufanyi hivyo. Tunajaza oili mpya ya gia ya daraja ambalo mtengenezaji ameagiza, mara nyingi GL-5, mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawasawa, wala hatuongezi ya akiba, kwani difu iliyojazwa kupita kiasi nayo huvuja. Mwenye difu yenye klachi za ndani za kuzuia gurudumu moja kuteleza atujulishe mapema, kwa sababu nyingi za aina hiyo huhitaji dawa yake ya kuchanganywa na oili.