Kujitolea si kuteswa

Mhariri,

Mwaka 2027 Uganda, Kenya na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na tayari watu wanaulizana vijana wa kujitolea pale uwanja wa taifa wa Namboole watatoka wapi. Mimi nauliza la karibu zaidi: nani atapiga mistari ya chokaa uwanjani kwetu Jumamosi hii?

Klabu yetu ya mtaa hapa Walukuba, Jinja, ilikuwa na watu kumi na mmoja wa kujitolea. Tumebaki wanne, mmoja wao ni mimi mwenye goti bovu. Waliotoka hawakuuchoka mpira. Mama aliyekuwa akifua jezi alinunua sabuni kwa pesa yake miezi mitatu, hakuna aliyemuuliza. Kijana wa bodaboda alipeleka watoto hadi Bugembe kwa mafuta yake mwenyewe. Siku aliyochelewa akafokewa mbele yao. Wewe ungerudi?

Viongozi hutangaza msikitini na kanisani kwamba watu wanahitajika, basi. Mtu akija, haambiwi kazi yake ni ipi wala itaisha lini. Mwambieni, "Shika daftari la mahudhurio, masaa mawili tu kila Jumamosi," muone. Mrudishieni nauli. Mpeni chai. Na wale wazazi wanaosimama pembeni mikono mifukoni, wengi hawajawahi kuombwa kwa jina.

Sabuni ya mwezi huu nimenunua mimi. Risiti ninayo.

Kocha msaidizi,
Walukuba, Jinja