Mgonjwa mmoja asiandikwe mara sita: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KAZI YA KUANDIKA KWENYE ZAHANATI ZA VIJIJINI

Tunakuandikia wewe, si Wizara, kwa sababu karibu yote tunayoomba humu yapo ndani ya uwezo wa ofisi yako. Kitengo cha TEHAMA kiko chini yako, manunuzi yako chini yako, Mganga Mkuu wa Halmashauri anawajibika kwako, na mipango ya zahanati inapita mezani kwako kabla haijapata fedha. Hatupingi kompyuta. Wala hatupingi kuandika, maana matibabu yasiyoandikwa hayana ushahidi, na anayempokea mgonjwa kesho hajui jana alipewa nini. Tunachopinga ni kuandika jambo lilelile mara sita huku mama amekaa kwenye benchi na mtoto mwenye homa.

Mfuate mtoto huyo. Ana miaka miwili, kilo 12. Muuguzi anamwandika kwenye Kitabu cha 5 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), yaani rejista ya wagonjwa wa nje: tarehe, namba, jina, kijiji, umri, jinsi, uzito. Kama ni mara yake ya kwanza kufika mwaka huu, anawekewa nyota. Kisha muuguzi anageukia kompyuta na kuandika hayohayo upya kwenye mfumo wa zahanati. Mtoto anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka (mRDT), wanasubiri dakika 15 hadi 20, majibu yanaingia kwenye rejista ya maabara, yanarudi kwenye Kitabu cha 5, yanaingia tena kwenye kompyuta. Kwa uzito huo dawa mseto ni pakiti ya vidonge 6, kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 3. Pakiti hiyo inaandikwa kwenye rejista ya kutolea dawa. Jioni inakuja tali, yaani karatasi ya kujumlisha wagonjwa wa siku, ambapo kila ugonjwa una makundi 5 ya umri: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka hadi chini ya miaka 5, miaka 5 hadi chini ya 60, na 60 kwenda juu. Kila kundi lina ME na KE, yaani visanduku 10 kwa ugonjwa mmoja. Mwisho kuna jedwali la Excel linaloagizwa kupitia grupu la WhatsApp, nalo linataka idadi ya malaria, mara nyingine na majina. Hapo hatujahesabu daftari la mgonjwa mwenyewe, ambalo ni haki yake na halina mjadala.

Sasa makosa yanaingilia wapi? Kwanza kwenye umri. Kitabuni mtu anaandika "2" na anayesoma anaelewa kwa uzito kwamba ni miaka. Kwenye kompyuta, asipochagua miaka au miezi sawasawa, mtoto anaangukia kundi jingine. Pili ni nyota. Anayerudi baada ya wiki mbili anahesabiwa kama mahudhurio ya marudio, si mgonjwa mpya, lakini kama daftari lake limepotea na muuguzi ni mwingine, anapewa nyota ya pili. Tatu ni siku ambayo umeme umekatika saa nne: wagonjwa wote wa baada ya hapo wapo kitabuni, na kompyuta inangoja mtu wa kuwaingiza usiku. Asipopatikana, mwisho wa mwezi kitabu kina idadi yake na mfumo una yake.

Halafu wanakuja wasimamizi. Wanalinganisha waliokutwa na malaria kwenye Kitabu cha 5, wale wa rejista ya maabara, na pakiti za dawa mseto zilizotoka. Namba tatu hazilingani, na mganga mfawidhi anatakiwa kueleza dawa zimekwenda wapi. Swali ni halali kabisa. Lakini kila mara jambo linaponakiliwa kwa mkono panapatikana nafasi ya kukosea, na tofauti nyingi zinatokana na hapo. Mwizi wa dawa, kama yupo, anajificha katikati ya makosa hayohayo. Mkipunguza sehemu za kunakili, tofauti itakayobaki itakuwa ya kufuatiliwa kweli.

Tunajua vitabu vya MTUHA ni vya Wizara na Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi ikavifuta. Tunajua pia kwamba mfumo mpya unapoanza, lazima uendeshwe sambamba na vitabu kwa muda ili ujulikane kama unahesabu sawasawa. Tatizo ni kwamba muda huo haukuwekewa mwisho. Tunapendekeza kipimo: zahanati ambayo kwa miezi mitatu mfululizo taarifa yake ya kitabu na ya mfumo zimelingana kwa magonjwa kumi yanayoongoza, Halmashauri iiombee kibali kupitia Mkoa iache tali na rejista zinazojirudia, ibaki na mfumo pamoja na fomu chache za karatasi za siku ambazo mfumo umegoma. Isiyofikia kipimo iambiwe inakosea wapi. Taarifa ya mwezi inafika kwa Mganga Mkuu tarehe 7, na inatakiwa iwe imeingizwa DHIS2, mfumo wa kitaifa wa takwimu za afya, ifikapo tarehe 15. Siku nane hizo zinatosha kupiga simu na kusema "kisanduku hiki hakijakaa sawa", wakati aliyeandika bado anakumbuka. Kosa likiletwa miezi mitatu baadaye kwenye usimamizi elekezi, halisahihishiki tena. Linaandikiwa barua tu.

Jedwali la Excel unaweza kulisimamisha wiki hii. Takwimu inayotakiwa tayari ipo DHIS2, na ofisi ya Mganga Mkuu ina watu wenye ruhusa ya kuitoa. Picha za kurasa za rejista zenye majina ya wagonjwa zikome kabisa. Grupu la WhatsApp lina watu waliohama, waliostaafu na waliokwenda masomoni, na kila mmoja anabaki na picha hizo kwenye simu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mama aliyepima VVU akiwa mjamzito hakukubali jina lake lizunguke kwenye simu za wilaya nzima.

Umeme tunaomba uutazame kwa hesabu, kwa sababu fedha inatumika na tatizo linabaki palepale. Betri ya sola ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina nishati ya wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo zinazotumika ni 600. Kompyuta ya mezani na kioo chake zikivuta wati 120, hizo ni saa 5, na ukitoa kinachopotea kwenye inveta hazifiki hata hizo. Laptopu inayovuta wati 40 itafanya kazi siku nzima kwa betri hiyohiyo, na umeme ukikatika haizimiki na kufuta ulichokuwa unaandika, kwa sababu ina betri yake ndani. Ila zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaletewa kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba). Tunaomba maelezo ya manunuzi yabadilike: laptopu kwa vijijini, betri ya sola yenye uwezo ulioandikwa kwenye mkataba, na tarehe ya kuifunga iandikwe kwenye betri yenyewe kwa wino usiofutika ili ijulikane inapochoka. Na fundi akatazwe kuunganisha kompyuta kwenye sola ya friji la chanjo. Friji likikosa nishati usiku, chanjo zinaharibika.

Bando lipangiwe fedha kwenye mpango wa zahanati kama inavyopangwa sabuni. Leo mara nyingi linatoka mfukoni kwa mtumishi.

Kuhusu akaunti tutasema kifupi. Mtumishi akihamia, barua yake ya uhamisho ipelekwe nakala kwa TEHAMA ili afunguliwe akaunti siku anayoripoti, na aliyeondoka afungiwe yake siku hiyohiyo. Inapochelewa, watu watatu wanatumia neno la siri la mmoja, na dawa ikiandikwa kimakosa haijulikani aliyeandika ni nani. Hilo ni la usalama wa mgonjwa kabla ya kuwa la kompyuta.

La mwisho ni dawa, na ndilo linalotuuma zaidi. Fomu ya kuagiza ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Safu hiyo inaachwa wazi mara nyingi kwa sababu kadi ya stoo haikuandikwa siku dawa ilipoisha, kwani aliyetakiwa kuiandika alikuwa ananakili rejista. Tuseme kipindi ni siku 60, dawa ilikosekana siku 20, na pakiti 240 zilitumika katika siku 40 zilizobaki. Hizo ni pakiti 6 kwa siku, na mahitaji halisi ya siku 60 ni pakiti 360. Safu ikiwa wazi, mfumo unaona 240 na hesabu ya oda inajengwa juu ya 240. Zahanati inaletewa pungufu, dawa inaisha mapema, na kipindi kinachofuata hesabu inashuka tena. Ofisi ya Mfamasia wa Wilaya iwe inarudisha oda yoyote ambayo safu hiyo haijajazwa, hata kwa sifuri. Na Bohari ya Dawa ikishatoa taarifa kwamba dawa fulani haipo, kibali cha kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, kitoke ndani ya siku tatu za kazi. Fedha za zahanati ziko kwenye akaunti yake na kamati ya kituo imeshapitisha. Kinachosubiriwa ni saini ya makao makuu ya wilaya, na anayeifuata analazimika kufunga chumba cha dawa na kupanda bodaboda.

Tunaomba kikao kimoja cha Mganga Mkuu, Mfamasia, mkuu wa TEHAMA, Afisa Manunuzi na waganga wafawidhi wachache wa vijijini. Tutakuja na Kitabu cha 5, rejista ya maabara, rejista ya kutolea dawa na taarifa ya mfumo ya mwezi mmoja, tuziweke mezani, tufuate wagonjwa kumi kutoka mlangoni hadi DHIS2, na kila ofisi ieleze inahitaji ukurasa upi na kwa kazi gani. Ukurasa usio na mwenyewe uondolewe siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Watoa huduma wa zahanati za vijijini

Nakala: Mganga Mkuu wa Halmashauri
Mwenyekiti wa Halmashauri
Wenyeviti wa kamati za usimamizi wa vituo