Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Maabara: chumba cha baridi kimezima tena

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Barua za ndani nimeandika hadi nimechoka. Zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikaishia hapo. Leo naandika hadharani kwa sababu mwisho wa wiki iliyopita chumba cha baridi kilizima tena, na safari hii kimeondoka na kimeng'enya changu chote, yaani protini ya kukata protini nyingine niliyoitoa kwa bakteria wanaoishi kwenye baridi.

Ofisi yako iliwahi kunijibu kwamba vimeng'enya vya bakteria wa baridi ni vigumu kuharibika, kwa kuwa kuna vinavyostahimili hata maziwa kuchemshwa. Ni kweli vipo. Bakteria aina ya Pseudomonas huzaliana katika maziwa yaliyohifadhiwa kwenye ubaridi, na protiasi yao (kimeng'enya kinachokata protini) huweza kupona hata katika joto kali la UHT, linalotumika kuua vijidudu katika maziwa ya pakiti, kisha maziwa yakawa machungu au yakaganda yakiwa bado kwenye pakiti. Lakini hicho si changu, Mheshimiwa, na nilikueleza.

Changu ni kilegevu, yaani umbo la molekuli yake hunyumbulika kwa urahisi. Ulegevu huo ndio unaokiwezesha kukata protini kwenye baridi inayovipunguzia kasi vimeng'enya vingine, na ndio maana kinafaa kwa sabuni ya kufulia kwa maji baridi, bila umeme wa kupasha maji. Ulegevu huohuo hukifanya kifumuke joto likipanda. Tena, kikiwa kimesafishwa na hakuna protini nyingine ya kukata, molekuli zake hukatana zenyewe kwa zenyewe. Kalisi (madini ya kalsiamu) niliyoiongeza husaidia kulishikilia umbo lake, lakini haishindani na chumba kilichofungwa siku mbili bila ubaridi.

Jumatatu nilidondoshea tone la kimeng'enya kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) yenye maziwa, kama kawaida. Ijumaa, kabla chumba hakijazima, tone la chupa hiyohiyo lilikuwa limekula maziwa likaacha duara angavu, pana kuliko ukucha wa kidole gumba. Safari hii nilisubiri hadi usiku. Maziwa yalibaki meupe pote.

Fundi anasema ni kompresa. Mimi nadhani umeme ulikatika na kurudi, mashine ikagoma kuwaka, huku feni ikiendelea kuzunguka na kupuliza hewa ya joto. Vyovyote iwavyo, hakuna aliyejua, kwa sababu kengele ya joto uliyoahidi mbele yetu sote haijafungwa. Tulikupigia makofi siku ile. Mashimo ya skrubu yapo ukutani hadi leo, yamejaa vumbi.

Nilikuwa nimebakiza kupima kinavyofanya kazi katika viwango mbalimbali vya asidi. Sasa naanza kuotesha bakteria upya, na ufadhili wangu unakaribia kwisha.

Jenereta siombi tena. Hata friza mpya siombi. Naomba kengele, Mheshimiwa. Kengele iliyoahidiwa, na namba ya simu ya mtu wa zamu ibandikwe mlangoni, kabla sijaingiza chupa nyingine humo ndani.

Wako mtiifu,
Mtafiti katika maabara yako