Somo la muziki lisiwe la kwanza kufutwa katika ratiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wazazi na wakuu wa shule hulitaja kwa juujuu tu, nalo ni nafasi ya somo la muziki katika makuzi ya mtoto. Shule inapobanwa na mitihani au na uhaba wa fedha, muziki huwa miongoni mwa masomo ya mwanzo kupunguziwa vipindi, na mara nyingi hufutwa kabisa bila mtu yeyote kuuliza watoto wamepoteza nini. Mimi ni mwalimu wa muziki wa watoto wadogo, kwa hiyo sitajifanya kwamba sina upande. Hata hivyo nitajitahidi kusema yale tu yenye ushahidi, kwa sababu naona kwamba watetezi wa somo hili waliotia chumvi wamelidhuru karibu sawa na wale wanaolipinga.

Chumvi hiyo ina historia yake. Mwezi wa Oktoba 1993 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha ripoti fupi ya Frances Rauscher na wenzake, iliyoeleza kwamba wanafunzi 36 wa chuo kikuu walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuwazia maumbo baada ya kusikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, na kwamba nafuu hiyo ilitoweka baada ya robo saa hivi. Waliopimwa walikuwa watu wazima, nao walikuwa wakisikiliza tu. Ripoti haikusema lolote kuhusu watoto. Lakini habari ilivyopita mdomo hadi mdomo iligeuka ikawa kwamba mtoto mchanga akichezewa Mozart atakuwa na akili nyingi, hata ikafika mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, Zell Miller, akaomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe rekodi ya muziki wa aina hiyo. Uchunguzi uliofuata ulielekea kuonyesha kwamba mtu huchangamka kwa muda mfupi baada ya kusikia kitu kinachompendeza, basi. Faida ninazotaka kuzieleza hapa hazitokani na redio iliyowashwa chumbani wakati mtoto amelala. Zinatokana na mtoto mwenyewe kuimba, kupiga ala, kukosea, kusahihishwa na kurudia.

Wasomaji ambao hawajakaa katika darasa la muziki huenda wasijue ni kazi ngapi mtoto hufanya kwa wakati mmoja. Chukua kundi la watoto wa miaka 7 wanaojifunza wimbo mfupi unaosindikizwa na ngoma mbili, manyanga na filimbi. Mtoto aliyepewa manyanga ana sehemu ndogo kuliko wote: anatakiwa anyamaze kwa mapigo 12, kisha atikise mara mbili, kisha anyamaze tena. Mtu mzima ataona kazi hiyo ni nyepesi. Mtazame mtoto huyo kwa karibu, utamwona midomo ikihesabu bila sauti, mguu ukikanyaga mapigo, macho yakiwa kwa mwalimu, na mkono ulioinuliwa ukitetemeka kidogo kwa hamu ya kutikisa kabla ya wakati. Siku za kwanza huchomoka kwenye pigo la 9 au la 10, na wenzake humgeukia. Baada ya majuma kadhaa hushika nafasi yake barabara, naye huwa amejifunza kuizuia hamu yake, kuhesabu huku akisikiliza wengine, na kujua kwamba kimya chake ni sehemu ya wimbo kama ilivyo sauti yake. Sijui somo jingine la umri huo linalodai kusubiri kwa namna hiyo, na ambalo humlipa mtoto papo hapo anaposubiri vizuri, maana wimbo huitika na yeye mwenyewe huusikia ukiitika.

Kwamba mafunzo ya namna hii huacha alama mwilini si dhana tu. Mwaka 2009 Krista Hyde na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 31 wenye umri wa miaka 6 hivi, ambao 15 kati yao walifundishwa kinanda kila juma kwa nusu saa katika kipindi cha miezi 15. Picha za ubongo zilizopigwa mwanzo na mwisho zilionyesha kwamba sehemu zinazohusika na mwendo wa mikono na usikivu zilikuwa zimebadilika zaidi kwa wale waliojifunza, na mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na umahiri wao wa vidole na wa kutambua tuni na mapigo. Kabla ya mafunzo ubongo wa makundi hayo mawili haukuwa na tofauti hizo, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu hoja ya kawaida ya wenye shaka ni kwamba watoto wa muziki huzaliwa wakiwa na vipaji.

Kuhusu usikivu nitakawia kidogo, maana hapo ndipo ninapoona uhusiano wa karibu zaidi kati ya muziki na kazi ya kawaida ya shule. Mwanadamu huja duniani akiwa tayari kwa mdundo: mwaka huohuo wa 2009 István Winkler na wenzake walionyesha kwamba ubongo wa watoto wenye siku mbili au tatu tu tangu kuzaliwa hushtuka pigo kuu la mdundo linaporukwa, hata wakiwa usingizini. Lugha nayo ina mdundo wake. Ili mtoto ajifunze kusoma lazima kwanza asikie kwamba neno hugawanyika katika silabi, kwamba silabi moja hutamkwa kwa mkazo kuliko nyingine, kwamba maneno mawili yana kina kimoja. Mtoto asiyesikia vipande hivyo atapata taabu kuvioanisha na herufi. Watafiti wa matatizo ya kusoma, Usha Goswami akiwa mmojawapo, wamegundua kwamba watoto wengi wenye shida hiyo hupata shida pia wanapoambiwa wagonge meza kufuata mapigo yaliyo sawasawa. Kwa hiyo mwalimu anayewapigisha watoto makofi kwa kufuata silabi za majina yao hachezi nao tu. Anawanoa masikio kwa kazi ambayo mwalimu wa kusoma ataihitaji keshokutwa.

Hapa pana sharti ambalo wapanga ratiba wanapaswa kulisikia. Nina Kraus na wenzake waliwafuatilia watoto wa familia za kipato cha chini mjini Los Angeles waliokuwa wakifundishwa muziki bila malipo, na mwaka 2014 walieleza kwamba baada ya mwaka mmoja wa mafunzo hapakuonekana badiliko katika namna ubongo ulivyopambanua sauti za matamshi zinazokaribiana. Badiliko lilionekana baada ya miaka miwili. Shule inayoweka muziki kwa muhula mmoja, ikauondoa, kisha ikasema haikuona faida, haijaupima muziki. Imepima haraka yake yenyewe.

Sasa nije kwenye akili na alama za mitihani, ambazo najua ndizo mzazi anazoziuliza kwanza. Mwaka 2004 Glenn Schellenberg alichapisha jaribio lililofanyika Kanada kwa watoto 144 wa miaka 6, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: wa kinanda, wa kuimba, wa maigizo na wasiofundishwa lolote kati ya hayo. Baada ya mwaka wa masomo alama za kipimo cha akili zilipanda kwa wote, kama inavyotarajiwa kwa watoto wanaoanza shule, lakini waliojifunza muziki walipanda kwa alama 7 hivi ilhali wengine walipanda kwa 4 na ushei. Tofauti ipo, nayo ni ndogo. Mwaka 2020 Giovanni Sala na Fernand Gobet walikusanya tafiti 54 zilizohusu watoto karibu 7,000, wakahitimisha kwamba kadiri utafiti ulivyopangwa kwa uangalifu zaidi ndivyo athari ya muziki katika akili ya jumla na katika masomo mengine ilivyopungua hadi kukaribia sifuri. Wapo wataalamu wanaopingana nao, na mjadala unaendelea, lakini mimi kama mwalimu siwezi kumwambia mzazi kwa dhamiri safi kwamba mwanawe atapata alama za juu za hesabu kwa kuwa anapiga filimbi. Hesabu hujifunzwa kwa kufanya hesabu. Tusiuvike muziki kilemba cha ukoka, maana siku alama za hesabu zisipopanda, walioahidiwa watalifuta somo hilo wakijiona wamefanya haki.

Na kwa nini somo moja tu ndilo litakiwe kujitetea kwa faida linayoyaletea masomo mengine? Hakuna anayesema jiografia ifundishwe kwa kuwa inaboresha fizikia. Mtoto anayejifunza muziki anapata muziki: anapata njia ya kusema lililo moyoni ambalo hana maneno ya kulisema, anapata mikono inayotii, sauti anayoimudu, na mlango wa kuingilia katika hazina iliyokusanywa na vizazi vingi kabla yake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto kushiriki kwa uhuru katika maisha ya utamaduni na sanaa, na haukuweka sharti kwamba sanaa hiyo kwanza ithibitishe manufaa yake katika mtihani.

Upande wa kuishi na wenzake nao una ushahidi unaotia moyo. Sebastian Kirschner na Michael Tomasello, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2010, waliwapa watoto 96 wa miaka 4, wawili wawili, mchezo mmoja wa aina mbili: wengine waliucheza kwa kuimba, kucheza na kupiga vyombo pamoja, na wengine waliucheza vivyo hivyo bila muziki. Baadaye mmoja wa wawili hao alipopata mkasa uliopangwa na watafiti, gololi zake zikamwagika, wale waliokuwa wameimba pamoja ndio waliokuwa wepesi zaidi kumsaidia mwenzao. Haki inanitaka niongeze kwamba katika jaribio la Schellenberg maendeleo ya tabia njema yalionekana kwa watoto wa maigizo, si kwa wale wa muziki. Sababu yake siijui kwa hakika, lakini naamini kwamba mtoto anayefanya mazoezi mwenyewe na mwalimu wake hafunzwi yale anayofunzwa aliyesimama katika kwaya. Ndiyo maana nasisitiza kwamba shule, hasa kwa watoto wadogo, ianze na muziki wa kundi.

Kuanza hivyo hakuhitaji chumba kilichojaa ala. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1967, alijenga mfumo mzima wa elimu ya muziki juu ya sauti ya mtoto mwenyewe, akianza na nyimbo za watu wake, na ala zikifuata baadaye. Shule ya msingi ya kwanza iliyofundisha kuimba kila siku kwa mwelekeo wake ilifunguliwa katika mji wa Kecskemét mwaka 1950. Koo, viganja na miguu kila mtoto anayo. Kinachohitajika zaidi ni mwalimu aliyefunzwa, kwa sababu hapa ndipo mambo mengi huharibika: mtoto anayeambiwa mbele ya wenzake kwamba hana sauti hunyamaza, na wengi wao hawaimbi tena maisha yao yote. Mtoto anayeimba nje ya tuni kwa kawaida anahitaji muda na masikio ya mwalimu mvumilivu. Mzazi naye anaweza kuharibu kwa kugeuza kila zoezi kuwa mtihani. Dakika chache kila siku, mzazi akiwa karibu bila kufoka, humfikisha mtoto mbali kuliko saa nzima ya machozi mwishoni mwa juma.

Ombi langu kwa wakuu wa shule, Ndugu Mhariri, ni kwamba kila darasa la chini liwe na vipindi viwili vya muziki kwa juma, visivyochukuliwa kufidia masomo mengine mitihani inapokaribia, na kwamba mpango huo upewe angalau miaka miwili kabla ya mtu kuutolea hukumu. Kwa wazazi, katika mkutano ujao wa shule ulizeni mambo matatu: nani anafundisha muziki, alifunzwa wapi kazi hiyo, na vipindi vilivyoandikwa katika ratiba vilifanyika mara ngapi muhula uliopita.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa muziki, shule ya msingi