Tangazo la Mwaka Mpya wa Kichina halingojei siku ya sikukuu

Bwana Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua ili niongeze neno juu ya makala yenu iliyowasifu wafanyabiashara wa Lubumbashi kwa namna walivyojitahidi kuwavutia wateja Wachina katika mitandao ya kijamii wakati wa Mwaka Mpya wao. Bidii hiyo ni ya kweli na sitaki kuibeza. Lakini mengi ya matangazo niliyoyaona, nami ninauza vitu vya malakiti, lile jiwe la kijani, na vya shaba kwa wateja haohao, yaliwekwa Facebook asubuhi ya sikukuu yenyewe, yakiwa na joka, taa nyekundu na bendera ya China juu ya jina la duka. Tangazo la namna hiyo limechelewa, tena limepelekwa mahali ambapo anayetafutwa hayupo, kisha mwenye duka hulalamika kwamba Wachina hawanunui.

Facebook imefungwa nchini China tangu mwaka 2009, na WhatsApp ilizuiwa huko mwaka 2017. Mchina anayeishi kwetu, awe Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, huenda akawa na programu hizo katika simu yake kwa sababu anatuhitaji sisi, yaani dereva, fundi au mwenye nyumba. Anapozungumza na mkewe aliyebaki kwao, anapolipana na wenzake wa kambini na anapotafuta cha kununua, yuko WeChat, programu ya kampuni ya Tencent iliyoanza mwaka 2011. Anayetaka kujua kama kitu kinafaa kabla ya kutoa pesa huenda Xiaohongshu, ambako wanunuzi wa kawaida, hasa wanawake vijana wa mijini, huonyesha walichonunua na kusema wazi kama wamekipenda. Video fupi ziko Douyin, na hapo ndipo vijana wetu wengi wanapopotea: kwa kuwa Douyin na TikTok ni za kampuni moja, ByteDance, wanadhani video waliyoiweka TikTok wakiwa mitaani kwetu Kamalondo au Katuba itatazamwa Shanghai. Hizo ni programu mbili zilizotenganishwa, na kwa mteja aliyeko China, mega zilizotumika kuipandisha video hiyo zimekwenda bure.

Kuhusu wakati, sikukuu hii hufuata kalenda ya mwezi, ndiyo maana huangukia siku yoyote kati ya 21 Januari na 20 Februari. Kwa desturi maandalizi huanza siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao, yaani zaidi ya majuma matatu kabla. Nyumba husafishwa, vyakula na zawadi hununuliwa, kisha mamilioni ya watu hurudi kwa wazazi wao katika msimu wa safari ambao serikali yao huuhesabu kuwa siku 40. Wapeleka vifurushi nao wana wazazi, kwa hiyo mzigo ulioagizwa dakika za mwisho hulala ghalani. Familia inapoketi kwa chakula cha usiku wa mkesha, kila zawadi imekwisha kununuliwa na kufungwa. Kwetu, Bonane, yaani Mwaka Mpya wa Januari, ikipita, mwuzaji hukunja mikono na kuwaza karo ya watoto, nacho ndicho kipindi hasa ambacho mteja huyu anatafuta cha kubeba nyumbani.

Ningependa mafundi na wauzaji wenzangu waitazame kwa makini hadithi ya bahasha nyekundu. Wachina tangu zamani huwapa watoto na vijana pesa katika bahasha nyekundu siku hizo. Mnamo Januari 2014 WeChat iliiingiza bahasha hiyo katika simu, na mwaka uliofuata, wakati wa tamasha la mkesha linalorushwa na televisheni ya taifa CCTV tangu 1983, watazamaji walitikisa simu zao ili wapate bahasha, na Tencent ikagawa yuani milioni 500. Ili mtu aitumie pesa aliyopokea, ilimpasa aunganishe WeChat na akaunti yake ya benki. Hivyo, kwa usiku mmoja na bila kumwambia mtu yeyote anunue chochote, kampuni ilijipatia walipaji wengi mno, na washindani wake wakashtuka. Baidu, kampuni ya kutafuta habari mtandaoni, ilichukua nafasi hiyo ya kugawa bahasha katika tamasha mwaka 2019, Kuaishou, programu nyingine ya video fupi, mwaka 2020 na Douyin mwaka 2021. Waliojifunza kwa Tencent walielewa kwamba biashara iliingia katika tendo ambalo familia ilikuwa ikilifanya tayari, ikalirahisisha, ikanyamaza. Vivyo hivyo Apple, mwaka 2018, ilitoa filamu fupi iliyopigwa kwa simu yake, ya mama mfanyakazi wa treni anayekutana na mwanawe stesheni kwa dakika tatu tu, kwa kuwa sikukuu imemkuta kazini. Ndani ya kisa chenyewe hakuna anayeisifu simu.

Kinyume chake ni kampuni ya mavazi ya Italia, Dolce & Gabbana, ambayo Novemba 2018 ilisambaza video za mwanamke wa Kichina akihangaika kula piza kwa vijiti. Watu waliona wanachekwa. Onyesho kubwa la mavazi lililopangwa Shanghai lilifutwa, na maduka makuu ya mtandaoni yakaziondoa bidhaa zake. Sisi hatuna ukubwa wa kuanguka namna hiyo, lakini mteja huyohuyo ndiye anayetazama bango letu lenye bendera ya nchi yake. Sheria ya matangazo ya China, kama ilivyorekebishwa mwaka 2015, inakataza bendera ya taifa kutumiwa katika tangazo, na inakataza pia maneno ya kujikweza kama vile «bora kuliko vyote», kwa faini inayoanzia yuani 200,000. Sheria hiyo haimfungi mwenye duka wa Lubumbashi, ninakubali, ila inaonyesha jicho la msomaji limezoea nini.

Kwa kazi ya malakiti mambo yako wazi zaidi kuliko tunavyofikiri. Fundi wetu hupenda kutengeneza saa ya ukutani yenye umbo la ramani ya Kongo, nayo huwapendeza Wazungu. Mchina hatampa mzazi wake saa, kwa sababu kwao zawadi hiyo inahusishwa na mazishi. Afadhali mayai mawili ya jiwe katika sanduku moja jekundu, maana vitu vya jozi hupendwa, kuliko vinne, idadi inayoepukwa kwa kuhusishwa na kifo. Picha ionyeshe sanduku likiwa wazi, na chini yake paandikwe uzito kwa ajili ya mizigo ya ndege, bei moja isiyobadilika kwa sura ya mnunuzi, na kwamba karatasi za forodha zitatolewa. Kufungua akaunti rasmi ya biashara WeChat kunadai hati ambazo duka dogo halina, na hata akaunti ya kawaida mara nyingi huhitaji mtumiaji wa zamani akuthibitishe. Basi mteja mmoja aliyeridhika, anayekubali kutuma picha yako katika kundi la wenzake, ana thamani kuliko wafuasi elfu wa Facebook.

Wenye kahawa ya Kivu wanaweza kutazama mbali zaidi, kwa kuwa tangu 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru wa forodha kwa bidhaa zote za nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kidiplomasia, na nchi yetu imo. Majirani wa Rwanda walionyesha njia Mei 2020, pale Viya, mtangazaji wa China anayeuza bidhaa kwa video mtandaoni, alipouza mifuko 3,000 ya kahawa yao mubashara kwa muda mfupi mno. (Mwaka uliofuata Viya huyo alitozwa zaidi ya yuani bilioni moja kwa kukwepa kodi, na matangazo yake yakakoma, jambo la kuzingatia kwa anayetegemea mdomo wa mtu mmoja.)

Sisemi haya kwa kusahau malalamiko ya ndugu zetu wanaofanya kazi migodini. Hayo yanastahili barua yake, tena ndefu. Hapa ninazungumzia kuuza.

Mwaka 2027 sikukuu itaangukia tarehe 6 Februari, na siku ya nane niliyoitaja itakuwa katikati ya Januari. Ninaomba gazeti lenu liichapishe tarehe hiyo mapema, hata mwezi Oktoba, kwa sababu kukata, kusugua na kung'arisha malakiti ni kazi isiyokimbizwa, na masanduku yanapaswa kuwa tayari kabla ya Bonane.

Wenu,
Mwuzaji wa vitu vya malakiti na shaba,
Lubumbashi