Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: turudishie mstari wa kamusi za visawe

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Salaam na heshima zako. Natumaini hujambo na ofisi yako haijambo. Sisi huku hatujambo kidogo tu.

Nilipenda jambo hili liishe kimyakimya, kwa barua za kawaida. Barua hizo nimeziandika, zimepokelewa, zikagongwa mihuri, nakala ninazo. Kwa kuwa mihuri haijibu, leo naandika mbele ya watu.

Jumatatu orodha yetu ya vitabu ilirudi kutoka ofisini kwako. Mstari wa kamusi za visawe, yaani vitabu vya maneno yenye maana zinazokaribiana, umepigwa kalamu nyekundu, na pembeni pameandikwa: "Kamusi zipo. Hizi ni anasa. Watumie simu." Sijui kama mwandiko ni wako au wa karani. Muhuri ni wako. Jumatano msimamizi wa bweni akamkamata mwanafunzi wangu wa Senior ya tatu, kama tunavyokiita kidato cha tatu hapa Uganda, na simu chini ya godoro. Amerudishwa kwao wiki mbili kwa mujibu wa waraka unaokataza simu shuleni, uliobandikwa kwenye ubao wetu wa matangazo, nao una muhuri uleule. Kijana alijitetea kwamba alikuwa akitafuta neno la insha. Huenda alikuwa akiangalia na matokeo ya mpira, ana miaka kumi na sita. Lakini daftari nimeliona. Insha ilikuwa imeishia katikati ya sentensi.

Sasa nielekeze, Mheshimiwa. Watumie simu, au wasitumie?

Turudi kwenye "kamusi zipo". Ni kweli, zipo, na tunashukuru. Ila kamusi humsaidia mtu ambaye tayari ana neno na anataka maana yake. Mwanafunzi anayeandika insha yuko upande wa pili kabisa: maana anayo kichwani, anachokosa ni neno. Hawezi kulitafuta kwenye kamusi kwa sababu hajui linaanza na herufi gani. Kitabu cha visawe kinamwambia: leta hilo neno lako moja ulilolizoea, nitakuonyesha ndugu zake. Hivyo ni vitabu viwili vyenye kazi mbili, na aliyefuta mstari ule nahisi aliona "kamusi" imetajwa mara mbili kwenye ukurasa mmoja akadhani mwalimu amejirudia.

Ungekuja darasani kwangu muhula uliopita ungeona. Tulikuwa na insha kuhusu shughuli za nyumbani. Watoto wale, wengi wao wanatoka kwenye migomba, waliandika kwamba baba alikata majani, mama alikata kuni, kaka alikata mbao, jirani alikata matawi ya kahawa. Nikafungua kitabu, wakaanza kupokezana kukisoma, na mimi nikaongeza niliyoyajua. Kengele ilipolia ubao ulikuwa umejaa: majani unafyeka, kuni unatema au unachanja, mbao unapasua, matawi unapogoa. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye huwa hafungui kinywa, akabisha kwamba kutema na kuchanja si kitu kimoja, kwa sababu kwao mwenye panga anatema porini na mwenye shoka anachanja uani. Nusu ya darasa ikamuunga mkono, nusu ikamkatalia. Mheshimiwa, darasa la Kiswahili nchini Uganda lilikuwa likibishana kuhusu Kiswahili! Nilitamani uwe dirishani.

Unajua vizuri lugha hii imefika kwetu kwa mlango gani. Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi hadi leo wakiisikia wanakumbuka bunduki. Mtoto wetu, kabla hajaingia Senior ya kwanza, maneno anayoyajua ni yale ya kizuizini barabarani: simama, shuka, fungua, toa kitambulisho, lete kitu kidogo. Kiswahili chote kwake ni amri. Ukimwambia kwamba lugha hiihii ina maneno ya kubembeleza, ya kusifu, ya kuomboleza, anakutazama kama unamtania. Ukimwekea kitabu mkononi akaona neno moja la mapenzi limezungukwa na wenzake sita saba, hapo ndipo anaanza kukuamini. Mimi nimeliona hilo kwa macho, si jambo la kusoma kwenye ripoti.

Na tuseme simu ziruhusiwe kesho. Data inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021, na Januari ya mwaka huohuo, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Kitabu changu hakikuzimwa. Zaidi ya hapo, ukiiuliza simu neno, inakupa moja la kwanza ililo nalo, mtoto analinakili na kuondoka. Kwenye ukurasa jicho linapotea njia. Umefuata neno la "huzuni", unashuka mistari miwili unakuta "jitimai", unasimama. Hukulitafuta, na wiki ijayo unalitumia.

Waingereza hawakuliona jambo hili kuwa anasa. Daktari wao, Peter Mark Roget, alianza kupanga maneno kwa makundi ya maana mwaka 1805, akachapisha kitabu chake London mwaka 1852, akiwa na miaka 73. Tangu hapo hakijaacha kuchapishwa. Maktaba yetu ina nakala yake, ya msaada, kubwa kama tofali. Sijawahi kusikia mtu wa ofisi yako akiuliza kwa nini Kiingereza kina kamusi ya kawaida na hicho pia. Cha Kiswahili kipo, Mheshimiwa. Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed walitutolea Kamusi ya Visawe, ikachapwa Nairobi mwaka 1998. Hapo ni Nairobi, si mwezini. Basi linalala njiani usiku mmoja na asubuhi uko Malaba, mpakani kwetu.

Hicho ndicho kitabu ninachokitumia, nilinunua kwa fedha yangu. Jalada la mbele lilishatoka, mgongo nimeubandika kwa gundi na gazeti, na pembe za kurasa za K zimekuwa nyeusi kwa vidole. Baada ya masomo ya jioni wanajipanga mlangoni kwangu kukiazima. Nimekataa kukitoa nje ya nyumba, kwa hiyo wanakaa sakafuni sebuleni na mke wangu anawaruka akipeleka sufuria. Kurasa nyingine nimezipiga kopi, na fedha ya kopi imetoka mfukoni kwa mwalimu wa lugha. Tangu walimu wa sayansi walipoongezewa mshahara mwaka 2022, mwenzangu wa fizikia mwenye digrii analipwa shilingi milioni 4 kwa mwezi. Simwonei wivu, tunakula posho, yaani ugali, pamoja. Nataja tu, ili ujue mfuko ninaousema una kina gani.

Kuna jambo jingine sikutaka kulitaja, lakini kalamu nyekundu imenilazimisha. Hotuba yako ya Siku ya Kiswahili, ile ya tarehe 7 Julai, uliyoisoma uwanjani huku umevaa kitenge na watu wakakushangilia, niliiandika mimi kwa ombi la ofisi yako. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "siku kubwa", "lugha kubwa" na "heshima kubwa" katika aya moja. Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikafungua kitabu cha visawe, na ndipo ukasema "siku hii adhimu", ukapigiwa makofi, na mwenyekiti akageuka kukutazama. Neno hilo lilitoka kwenye anasa.

Kisha uliinua macho kwenye karatasi ukaongeza sentensi ambayo mimi sikuiandika. Ulisema kila shule ya wilaya itapata vitabu vyote vya Kiswahili itakavyoomba. Uliitoa moyoni mwenyewe. Nilipiga makofi kuliko wote.

Nasikia mengi kuhusu sababu. Wapo wanaosema fungu la vitabu lote limeelekezwa maabara. Wapo wanaosema aliyepewa zabuni anauza vitabu vya kiada peke yake, na kisichokuwa dukani kwake kinaitwa si cha lazima. Mimi nadhani ni uvivu wa kusoma orodha hadi mwisho, ila huo ni mtazamo wangu, na kama nimekosea nitashukuru kusahihishwa kwa maandishi. Ninachojua ni kwamba Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, mtaala wa 2020 umekifanya cha lazima Senior ya kwanza na ya pili, na Baraza la Mawaziri Julai 2022 likataka kifundishwe na kutahiniwa. Mambo yote hayo makubwa yamepita salama huko juu, yakaja kukwama kwenye mstari mmoja wa orodha wilayani kwetu.

Tuliomba nakala 40, ili wawili wawili wagawane. Ukiona ni nyingi, tupe 20. Zikiwa nyingi tupe 10, nitazigawa kwa mabenchi. Ikishindikana kabisa nipe 5 za kufungia kabatini maktabani, na funguo nitakaa nazo mimi. Lakini usinirudishie tena orodha yenye alama nyekundu na ushauri wa simu.

Na yule kijana, tafadhali, arudi darasani. Adhabu yake mpeni nyingine, afagie maktaba.

Gari la vitabu la muhula huu halijatoka bohari, nimeuliza. Mstari ule bado unaweza kurudishwa kwa saini moja. Nakuomba urudishe, Mheshimiwa. Orodha mpya nimeiambatanisha, mstari ni uleule, safari hii nimeuandika kwa herufi kubwa.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
shule ya bweni ya sekondari, wilayani kwako