Nyumba inauzwa, lakini ina wenyewe: malalamiko kwa ofisi ya udalali

Magomeni, Dar es Salaam
14 Julai 2025

Kwa Meneja,
Ofisi ya Udalali wa Nyumba na Viwanja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUINGIZA WATEJA NDANI YA NYUMBA BILA TAARIFA NIKIWA KAZINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa warithi watano wa nyumba ya Magomeni Mapipa ambayo kaka yetu mkubwa, msimamizi wa mirathi, aliwakabidhi muiuze kwa mkataba wa tarehe 5 Mei mwaka huu. Ninaishi humo na mama yangu mkubwa mwenye umri wa miaka 78, na humo humo ndimo ninamofanyia kazi. Siku ya kutia saini nilikuwepo. Mlitupokea vizuri, mkakagua Fomu Na. IV ya Mahakama ya Mwanzo, ile inayomtambua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, na hati ya kiwanja kabla hata ya kuzungumzia bei, nikarudi nyumbani nikimwambia mama mkubwa kwamba tumepata watu wanaoijua kazi yao. Ndiyo maana sikukimbilia kuandika. Nimepiga simu mara tatu, nimetuma ujumbe, nimezungumza na kijana wenu ana kwa ana. Hakuna kilichobadilika.

Kipengele cha 6 cha mkataba kinasema mteja ataletwa kati ya saa 9 alasiri na saa 12 jioni, na kwamba wenye nyumba watapewa taarifa siku moja kabla. Kipengele hicho niliomba mimi, na nilieleza sababu mbele yako. Nafundisha Kiswahili kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani, ambako majira haya wako nyuma yetu kwa saa moja tu, hivyo nakaa mbele ya kompyuta kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Wachache wako Marekani na hao husoma usiku wetu. Chumba cha kazi ni kile cha mbele, mkono wa kushoto ukiingia ukumbini, kilichokuwa cha marehemu mama. Nyumba hizi za Magomeni mnazijua: mlango mmoja mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mtu akizungumza ukumbini, vyumba vyote vinasikia.

Jumanne tarehe 10 Juni, saa 4 na nusu asubuhi, kijana wenu alifungua mlango kwa funguo tuliyowapa kwa ajili ya zile siku ninapompeleka mama mkubwa kliniki. Hakubisha hodi. Alikuwa na watu wanne. Nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, mwenye mke Mtanzania, ambaye amekuwa akijifunza nami tangu mwaka jana ili aweze kuzungumza na wakwe zake bila mkewe kuwa mkalimani. Siku hiyo aliniomba tuache zoezi nililoandaa. Baba yake alikuwa amefariki wiki mbili nyuma, na alitaka kujaribu kuisimulia habari ile kwa Kiswahili, kwa sababu wakwe wangempigia simu kumpa pole na hakutaka kukaa kimya kama bubu. Alikuwa anatafuta neno moja moja. Alisema "baba yangu amelala na hakuamka". Sikumsahihisha.

Hapo ndipo mlango wa chumba ulipofunguliwa. Kijana wenu akasema, "Na hiki ni chumba cha mbele, kikubwa, kinapata hewa." Wale wanne wakachungulia. Mmoja akasikia lafudhi ya mwanafunzi wangu akacheka, akamwigiza, na mwenzake naye akacheka. Mwanafunzi wangu aliwaona kwenye kioo cha kompyuta yake na aliwasikia. Anakijua Kiswahili cha kutosha kuelewa kwamba anachekwa. Akaniambia "samahani, mwalimu", akakata.

Yeye ndiye aliyeomba samahani. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko yote nitakayoyaandika hapa chini. Hakurudi. Alikuwa amelipia masomo kumi na mawili, akasoma manne, nami nikamrudishia fedha ya manane yaliyobaki bila yeye kudai.

Nilipotoka ukumbini kumuuliza kijana wenu kwa nini hakutoa taarifa, alinijibu, "Dada, si upo tu nyumbani?" Nilimweleza kwamba niko kazini. Akatazama kompyuta, akatazama kanga niliyojifunga kiunoni, akasema, "Nyumba ikishaingia sokoni, dada, ni ya wote." Naomba uyasome tena maneno hayo kama meneja wake, kwa sababu ndiyo yaliyoniandikisha barua hii. Nyumba ikiingia sokoni haiwi ya wote. Inabaki ya wenyewe mpaka siku fedha ikilipwa, mauziano yakasainiwa na funguo zikakabidhiwa. Na mtu anayefanya kazi nyumbani kwake yuko kazini sawa na wewe unavyokuwa kazini hapo ofisini. Nikija na watu wanne nikafungua mlango wako ukiwa na mteja, nikawaonyesha ukubwa wa dirisha, utaniita nani?

Somo la kwanza ninalompa mwanafunzi yeyote, kabla ya ngeli na hata kabla ya salamu ndefu, ni hodi. Namwambia kwetu neno hili ndilo linalofungua mlango, mkono haufungui. Namwambia unabisha mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka bila kinyongo. Hivyo ndivyo mama alivyotulea katika nyumba hii hii, na alipenda kutukumbusha kwamba ni amri iliyomo katika Sura ya An-Nur, aya ya 27: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na muwasalimu wenyewe. Jirani zetu Wakristo nao hubisha hodi. Muuza maziwa hubisha hodi, na msoma mita wa maji vilevile. Sijui ni wapi kijana wenu alifundishwa kwamba funguo inaondoa hodi.

Alhamisi tarehe 19 Juni walikuja watu wa makundi matatu mfululizo, kuanzia saa 3 na robo. Kundi la pili lilipitia mlango wa uani. Mama yangu mkubwa alikuwa anatoka bafuni, amejifunga kanga moja, akishikilia ukuta kama anavyotembea siku hizi. Wanaume watatu wasiomjua walisimama wakimwangalia. Kijana wenu hakugeuka wala hakuwageuza wenzake. Aliendelea kueleza habari za simtanki. Mama mkubwa ni mwanamke aliyezeeka na heshima yake yote. Tangu siku ile hufunga mlango wa chumba kwa komeo mchana kutwa, na asubuhi haendi kuoga mpaka aniulize, "Hawa watu hawaji leo?" Mimi sina jibu la kumpa, kwa sababu nanyi hamnipi.

Siku hiyo hiyo kundi la tatu lilitaka kuhakikisha kama umeme unafanya kazi. Kijana wenu akazima swichi kuu na kuiwasha tena. Intaneti ilikatika katikati ya somo la watu watatu, ikachukua karibu dakika ishirini kurejea, na somo likawa limeharibika. Bomba la uani waliliacha wazi. Nilirudishia masomo matatu siku hiyo.

Tarehe 7 Julai, Sabasaba, nilijiambia leo ni sikukuu, hawatakuja. Wanafunzi wangu hawana Sabasaba, nami nikafundisha kama kawaida. Saa 5 asubuhi wakaja watu sita, wageni kutoka mikoani waliofika kwa ajili ya maonyesho. Walikuwa wastaarabu kuliko aliyewaleta. Mama mmoja alibaki kibarazani akakataa kuingia, akaniambia baadaye aliona aibu kuingia nyumba ambayo mwenyewe hajamkaribisha. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba wao sita walilipishwa shilingi 20,000 kila mmoja ili kuonyeshwa nyumba tatu, na yetu ni mojawapo.

Nilikuwa sijui. Mkataba wetu unasema ofisi yenu italipwa asilimia 5 ya bei nyumba ikiuzwa, na hautaji popote kiingilio cha watazamaji. Nikarudi kwenye daftari langu, maana tangu tarehe 10 Juni nimeanza kuandika kila anayeingia. Mpaka jana wameingia watu 31. Hakuna hata mmoja aliyeomba nakala ya hati akafanye upekuzi ofisi ya ardhi, yaani kuhakikisha mwenye kiwanja ni nani. Hakuna aliyetaja bei. Sasa ninaelewa kwa nini makundi ni makubwa na kwa nini saa za mkataba hazifuatwi: kila kichwa kinachovuka kizingiti chetu kina fedha yake, nyumba iuzwe isiuzwe. Kama nimekosea katika hili, nionyesheni hesabu, nitaomba radhi kwa maandishi.

Kinachoshangaza zaidi, wanunuzi wa kweli wa Magomeni hawana haja na vyumba vyetu. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, na kwa kuwa ukishavuka Jangwani umefika Kariakoo, anayenunua hapa anawaza kubomoa na kujenga ghorofa. Anataka kujua ukubwa wa kiwanja, mipaka, upana wa njia, kama hati ni safi na kama warithi wote wamekubaliana. Yote hayo yamo kwenye karatasi mlizonazo, na yaliyobaki yanaonekana ukiwa umesimama barabarani. Mtu wa kubomoa hahitaji kukiona kitanda cha mama mkubwa. Na akitokea anayetaka kuishi humu, huyo ndiye ningependa sana kumkaribisha mimi mwenyewe, nimpe kahawa, nimwonyeshe dirisha linalopata upepo na lile linalovuja mvua za masika. Sijawahi kuzuia nyumba isionyeshwe. Nataka iuzwe, ndugu zangu wanne wanasubiri haki yao, nami pia.

Kuna jambo la video. Jumatano tarehe 9 Julai shemeji yangu alinitumia video iliyowekwa kwenye ukurasa wa ofisi yenu. Imechukuliwa ndani, lini sijui, bila ruhusa yangu. Inaonyesha ubao wangu wa kazi wenye majina ya wanafunzi na namba zao za simu, inaonyesha namba ya mita ya Luku, inaonyesha picha ya mama iliyoko ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda wanafunzi wangu kama inavyonilinda mimi, na Tume ya kusimamia sheria hiyo ipo. Ilinibidi niwaandikie wanafunzi mmoja mmoja kuwaeleza kwamba namba zao zimeonekana na watu nisiowajua. Mwalimu anayeingia nyumbani kwa watu kwa njia ya kioo anaaminiwa sana, na imani hiyo niliijenga kwa miaka sita.

Ninachodai ni hiki. Video iondolewe leo hii mnapopokea barua, pamoja na nakala zote zilizosambazwa kwenye makundi ya simu. Funguo irudishwe mkononi mwangu kabla ya Ijumaa tarehe 18 Julai. Nimeshanunua kitasa kipya kwa shilingi 45,000, lakini naitaka ya zamani kwa sababu ni ya mama. Mnilipe masomo niliyoyarudishia fedha na lile la tarehe 10 lililokatika, jumla kumi na mawili kwa shilingi 30,000 kila moja, yaani shilingi 360,000, na gharama ya kitasa juu yake. Mtuletee orodha ya fedha zote mlizowatoza watu kwa jina la nyumba yetu, ili msimamizi wa mirathi aamue na warithi wenzake nini kifanyike. Na kijana wenu aje yeye mwenyewe, alasiri, amwombe radhi mama mkubwa. Simtaki afukuzwe kazi. Ni kijana mdogo, ana maisha mbele yake, na nadhani hakuna aliyemkalisha chini akamwambia.

Kuanzia leo mteja atakayeletwa aje kwa saa za mkataba, taarifa itumwe kwangu siku moja kabla, na wasizidi watu wawili kwa mara moja. Mtu aliyeiona ramani ya kiwanja na hati akaridhika nitampokea hata Jumamosi. Yakishindikana haya, kaka yetu ameniambia yuko tayari kuvunja mkataba, na mimi nitapeleka suala la video kwenye Tume.

Naandika haya saa 8 na nusu mchana, nimemaliza masomo. Mama mkubwa ameniuliza kama atoke akae kibarazani apunge upepo. Nimemwambia atoke, mlango nimeufunga kwa kitasa kipya, na nimeketi karibu naye.

Wako,
Mrithi na mkazi wa nyumba, Magomeni Mapipa

Nakala:
Msimamizi wa mirathi
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa